Watoto wetu wanakariri msamiati, lakini je, wanayajua maneno?

Majuma machache yaliyopita, mjukuu wangu aliye katika Gredi ya 5 alinijia mbio, daftari mkononi. "Babu, niulize wana wa wanyama," akaniambia. Nikamuuliza. Mwana wa simba? Shibli. Wa sungura? Kitungule. Wa chura? Kiluwiluwi. Wa mbwa? Kilebu. Akatiririka hivyo mpaka akaimaliza orodha nzima bila kubabaika. Nilimpigia makofi. Ni babu gani asiyefurahi kumwona mjukuu wake akiogelea ndani ya Kiswahili?

Wiki iyo hiyo mtoto huyo alimsindikiza dadangu mkubwa, yaani nyanyake, kwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Dadangu hakubahatika kwenda shule, hivyo mtoto akiwepo ndiye macho yake. Walipofika walikuta lango limefungwa na karatasi imebandikwa. Mtoto akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno, bila kukwama. Nyanya akauliza, "Wanasemaje?" Mtoto akanyamaza. Kisha akajibu, "Wamefunga." Wakarudi nyumbani mikono mitupu, na dadangu akakaa siku mbili bila kumeza dawa.

Nilipopita pale mwenyewe nikalisoma tangazo lile. Lilisema hivi: "Huduma za zahanati zimesitishwa kwa muda kupisha ukarabati. Wagonjwa wote wanaombwa kutafuta huduma mbadala katika kituo cha afya cha sokoni." Basi! Dawa zilikuwa sokoni, mwendo wa dakika kumi kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Niliporudi nikamkalisha mjukuu wangu, nikamwandikia maneno yale na kumwomba aniambie ni yapi hayajui. Alinionyesha manne: zimesitishwa, kupisha, ukarabati na mbadala. Mtoto anayejua mwana wa sungura kwa jina hakujua maana ya ukarabati. Sikumlaumu hata chembe. Nilijiuliza sisi walimu, na waandishi wa vitabu, na wazazi, tumekuwa tukimfundisha nini tunaposema tunamfundisha msamiati. Katika makala haya ninanuia kueleza yale ambayo utafiti umegundua kuhusu namna maneno yanavyoingia kichwani na kukaa, na namna yanavyotoroka. Msomaji ataona kwamba sehemu moja muhimu ya utafiti huo ilifanywa kwa kutumia maneno yetu wenyewe ya Kiswahili.

Neno moja katika kila maneno hamsini

Tuanze na tangazo lenyewe. Ukiyahesabu maneno yake utapata 20. Mtoto alijua 16, yaani asilimia 80. Mtu anaweza kusema kwamba asilimia 80 ni alama nzuri. Katika mtihani wa shule ingekuwa sherehe. Lakini kusoma hakufuati hesabu za mtihani.

Mwaka 2000, watafiti Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti uliotafuta jibu la swali hili hasa: msomaji anahitaji kujua maneno mangapi katika matini ili aielewe bila kusaidiwa? Walichukua hadithi ya Kiingereza na kubadilisha baadhi ya maneno yake kwa maneno ya kubuni yasiyo na maana, kisha wakawapa wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Baadhi walisoma hadithi ambayo maneno yake yote yalijulikana. Wengine walisoma ile yenye asilimia 95 ya maneno yanayojulikana, wengine asilimia 90, na wengine asilimia 80. Miongoni mwa wale wa asilimia 80, hakuna hata mmoja aliyeielewa hadithi ipasavyo. Hata mmoja! Watafiti hao walikadiria kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno. Kwa lugha nyepesi, neno moja geni katika kila maneno hamsini.

Ni kweli kwamba Kiingereza si Kiswahili. Neno letu moja kama "hatutawasomesha" hubeba mzigo ambao Kiingereza kingeubeba kwa maneno manne au matano, kwa hivyo hatuwezi kuchukua asilimia hizo na kuzipachika katika lugha yetu jinsi zilivyo. Hata hivyo, funzo la msingi linatuhusu. Maneno machache yasiyojulikana hayapunguzi maana kidogo kidogo. Yanaweza kuiua maana yote. Katika tangazo la zahanati, maneno manne yaliyompiga chenga mtoto ndiyo yaliyobeba ujumbe: kwamba kufungwa ni kwa muda, sababu ni matengenezo, na kuna mahali pengine pa kwenda.

Kiswahili ndani ya maabara ya Marekani

Sasa tuje kwenye swali la pili. Neno likishafundishwa, ni kitu gani hulifanya likae?

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa namba alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Alijifanyia utafiti yeye mwenyewe. Alikariri mafungu ya silabi zisizo na maana yoyote, akangoja, kisha akapima ni kazi kiasi gani aliyookoa alipoyakariri upya. Aligundua kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi ya kusahau inapungua. Baada ya siku moja tu, alikuwa amebakiwa na takriban theluthi moja ya faida ya kazi aliyoifanya. Aligundua jambo jingine pia: marudio 38 aliyoyatawanya katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mfululizo. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mjerumani alilipima jambo hilo kwa saa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wanasaikolojia wa Marekani wanaochunguza kumbukumbu walihitaji maneno ambayo wanafunzi wao hawayajui kabisa, lakini ambayo wanaweza kuyasoma na kuyatamka bila taabu. Wakakichagua Kiswahili! Lugha yetu inaandikwa kwa herufi wanazozijua, inasomwa jinsi inavyoandikwa, na wanafunzi wengi wa huko hawajawahi kuisikia. Mwaka 1994, Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha orodha ya jozi 100 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, pamoja na vipimo vya ugumu wa kila jozi kwa wanaojifunza. Tangu hapo maneno yetu yamekuwa wageni wa kawaida katika maabara za kumbukumbu, hata kama mwenye lugha hana habari.

Utafiti uliotia fora ni ule wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa jozi 40 za Kiswahili na Kiingereza. Mojawapo ilikuwa neno "mashua". Wote walizisoma jozi hizo, kisha wakapewa jaribio: unaonyeshwa neno la Kiswahili, unaandika maana yake. Wakasoma tena, wakajaribiwa tena, hivyo hivyo kwa zamu.

Tofauti ilikuwa hapa. Katika kundi la kwanza, mwanafunzi aliendelea kusoma na kujaribiwa kwa maneno yote hadi mwisho. Katika kundi la pili, neno ambalo mwanafunzi alikuwa amelipata liliondolewa katika kusoma, lakini aliendelea kuulizwa. Katika kundi la tatu, neno lililopatikana liliondolewa katika majaribio, ila mwanafunzi aliendelea kulisoma tena na tena. Katika kundi la nne, neno likishapatikana liliondolewa kote: halisomwi, haliulizwi.

Kufikia mwisho wa kipindi hicho makundi yote manne yalikuwa sawa. Kila mtu alikuwa ameyapata maneno yote, na kwa kasi ileile. Laiti mwalimu angewasahihisha jioni ile, angewapa wote alama zinazolingana na kwenda zake nyumbani akiwa ameridhika.

Baada ya wiki moja wakaitwa. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Makundi mawili yaliyoacha kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 35. Kusoma tena na tena neno ambalo tayari umelipata hakukusaidia karibu chochote. Kulichomoa neno kichwani, bila kulitazama, ndiko kulikolitia mizizi.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Kabla ya kuondoka siku ile ya kwanza, wanafunzi waliombwa kutabiri watakumbuka maneno mangapi baada ya wiki. Makundi yote yalitabiri karibu sawa, yaani nusu hivi. Hakuna aliyehisi tofauti. Mwanafunzi anayesoma orodha mara kumi anahisi anajua, kwa sababu neno limezoeleka machoni. Kumbe kuzoeleka machoni ni jambo moja na kujua ni jingine. Unaweza kukutana na jirani kila asubuhi kwa miaka mitano na usijue jina lake.

Kwa wasomaji wa Kenya lazima niongeze tahadhari. Tukisikia "mtihani" tunafikiria alama, nafasi darasani na mzazi aliyekunja uso. Jaribio ninalolizungumzia hapa halina alama. Ni kufunika daftari kwa kiganja na kujiuliza: lile neno lilikuwa nani? Ukikosa, unafunua, unasahihisha, unaendelea. Mtu akikosa hatiwi aibu, kwa sababu kule kutafuta kwenyewe ndiko kujifunza.

Kasoro ya orodha

Sasa nirudi kwenye daftari la mjukuu wangu. Siku nane baada ya yale makofi, nilimuuliza tena kwa ghafla. Mwana wa mbwa? "Kitungule." Na wa sungura? "Kilebu... au shibli?" Alikasirika, akasema alikuwa akiyajua yote. Ni kweli, alikuwa akiyajua yote, jioni ile.

Yapo maelezo ya kitaaluma kuhusu mkorogano huu. Mwaka 1993, Thomas Tinkham alichunguza kama ni rahisi zaidi kujifunza maneno mapya yakiwa yamepangwa kwa jamii moja ya maana, kwa mfano majina ya nguo, au yakiwa hayahusiani. Vitabu vingi vya lugha hupanga maneno kwa jamii: matunda pamoja, nguo pamoja, viungo vya mwili pamoja. Yeye aligundua kinyume cha mazoea hayo. Maneno mapya ya jamii moja yalihitaji marudio mengi zaidi, kwa sababu yaligombana kichwani. Robert Waring alirudia utafiti huo kwa wanafunzi wa Kijapani na mwaka 1997 akachapisha matokeo yanayoelekea upande uleule. Mwaka huohuo Tinkham akaonyesha kwamba maneno yanayounganishwa na tukio au mandhari moja, yaani nomino, kitenzi na kivumishi vinavyokutana katika kisa kimoja, hujifunzwa kwa urahisi zaidi. Tafiti zote zilizofuata hazikukubaliana kikamilifu, na wapo wanaoitetea orodha. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha zoezi la wana wa wanyama ameuona ugomvi huo kwa macho yake.

Fikiria ni kitu gani tunamwomba mtoto akifanye. Tunampa majina kumi na mawili mapya, yote ya viumbe wachanga, yote yakijibu swali lilelile, na katika siku moja. Ni kama kuwatambulishia wageni ndugu pacha kumi na wawili mlangoni kisha kutarajia wawaite kwa majina wakati wa chakula. Afadhali neno "kilebu" liingie kupitia kisa cha mbwa aliyezaa nyuma ya nyumba: jike, kunyonyesha, kubweka, kilebu dhaifu kuliko wenzake. Hapo kila neno linamshika mwenzake mkono.

Nami si msafi katika jambo hili. Miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili, kila Ijumaa niliandika ubaoni maneno ishirini magumu na wanafunzi wakayanakili. Niliamini ninawajenga. Insha zilipokuja, maneno yalikuwemo, tena kwa fujo. Kijana mmoja aliandika kuhusu mazishi ya nyanyake na kusema kwamba "thurea ya waombolezaji" ilifurika bomani. Thurea ni ya nyota! Lakini mimi nilimwongezea alama kwa sababu alikuwa ametumia "msamiati wa kuvutia". Nimelikumbuka kosa hilo kwa miaka mingi. Nilimfundisha kwamba neno ni pambo la kuning'iniza shingoni mwa sentensi, badala ya kuwa chombo cha kusema jambo.

Mashua na ngalawa

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wenzetu wa maabara. Mwanafunzi wa Marekani aliyeandika maana ya "mashua" baada ya wiki moja alistahili alama. Lakini je, anaijua mashua? Paul Nation, ambaye nimekwisha kumtaja, amefafanua kwamba kulijua neno kuna pande tatu: umbo lake, maana yake na matumizi yake. Na kila upande una mambo yake.

Mwulize mvuvi wa Lamu. Atakuambia kwamba mashua si mtumbwi, kwa sababu mtumbwi huchongwa kutoka gogo la mti mmoja. Si ngalawa, kwa sababu ngalawa ina mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke. Wala si jahazi, ambalo ni chombo kikubwa cha kubeba shehena. Huo ni upande wa maana. Njoo kwenye matumizi. Wanafunzi wangu wengi wa chuo kikuu, si wageni bali Wakenya, huandika "mashua yamezama" kwa sababu ya lile "ma-" la mwanzo, ilhali ni mashua moja, nayo imezama. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI. Anayeijua maana bila ngeli amepewa jembe bila mpini.

Yapo pia mambo ya urafiki wa maneno. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, tunapiga hatua, na hakuna anayepigwa. Huwezi kuyapata hayo kwa kukariri kwamba "piga" ni kugonga. Unayapata kwa kuyasikia na kuyasoma mara nyingi katika sentensi za watu wanaosema jambo.

Kukutana mara moja hakutoshi. Nchini Marekani, William Nagy, Richard Anderson na Patricia Herman walichunguza watoto wa shule wanaosoma matini za kawaida na kukadiria, katika utafiti wa mwaka 1987, kwamba uwezekano wa mtoto kujifunza maana ya neno geni kwa kukutana nalo mara moja tu akisoma ni kama mmoja kwa ishirini. Ni uwezekano mdogo. Lakini mtoto anayesoma kila siku hukutana na maneno mageni maelfu kwa maelfu kwa mwaka, na sehemu moja ya ishirini ya maelfu si haba. Mtoto asiye na kitabu nyumbani isipokuwa kile cha marudio ya mtihani hana pa kukutana nayo. Kwa hiyo tunapozungumzia msamiati, tunazungumzia pia maktaba na kabati la vitabu darasani, hata gazeti linalobaki mezani baada ya baba kulimaliza.

Kumbe walikuwa jamaa zake

Nilipoketi na mjukuu wangu na yale maneno manne, niligundua jambo ambalo lilinifanya nicheke, kisha nikasikitika.

Nilimuuliza, "Mtu akikuzibia njia darasani unamwambiaje?" Akajibu pale pale, "Nipishe!" Nikamwambia, "Basi zahanati inawapisha mafundi." Macho yakamtoka. Kupisha alikuwa nalo siku zote kinywani, ila hakulitambua lilipovaa nguo za tangazo. Neno hilo limetokana na "pita": ukinipisha, unanifanya nipite.

Nikamuuliza tena, "Mama akikosa sukari na kukupa asali, amekupa asali..." Akamalizia, "Badala ya sukari." Nikamwonyesha "mbadala". Akaliona mara moja. Kisha tukaja kwenye "sitishwa". Alijua "kusita", kwa sababu alikuwa amelisoma katika hadithi ya msichana aliyesita mlangoni. Kusita ni kutulia kidogo bila kuendelea. Kusitisha ni kufanya jambo lisite. Kusitishwa ni kufanyiwa hivyo. Katika maneno manne yaliyomfungia lango la zahanati, matatu yalikuwa jamaa wa maneno anayoyatumia au aliyokwisha kuyasoma. Neno geni kabisa lilikuwa moja tu, ukarabati.

Hii ndiyo hazina ambayo Kiswahili kimetupa nasi hatuichimbi vya kutosha. Kutoka "soma" mtoto anapata somea, someka, somesha, msomaji, msomi, somo, usomi na mengine. Akiujua mnyambuliko, si kama sura ya kujibia mtihani bali kama ufunguo, kila mzizi anaoujua humzalia maneno mengi. Tukilinganisha, kila jina katika orodha ya wana wa wanyama husimama peke yake. Ukishajua "kitungule" umejua kitungule, basi. Sisemi neno hilo litupwe; ni letu na ni zuri. Ninasema muda wa somo ni mchache, na neno lililo katika tangazo la zahanati, katika habari za redio na katika fomu ya basari lina haki ya kutangulia.

Tufanyeje basi?

Kwa mwalimu, nina ombi la kwanza: punguza maneno. Manne au matano kwa siku yanatosha, yatoke katika kisa au habari ambayo darasa limeisoma, wala si katika orodha. La pili, yaulize bila kuyaonyesha. Anza kipindi cha Jumatano kwa kuuliza ya Jumatatu, na Ijumaa uyarudie yote mawili. Dakika tano zinatosha, bila kalamu nyekundu. La tatu, neno likija geni, mwulize mtoto kwanza kama linafanana na lolote analolijua. Mara nyingi utakuta jamaa yake yumo ndani. La nne, mwache alitumie katika sentensi yake mwenyewe, hata akikosea.

Kwa mzazi, ombi langu ni dogo. Usimuulize mtoto kama amesoma. Mwambie afunge daftari akusimulie. Hata usipojua jibu, utajua kama analijua yeye.

Na kwa sisi tunaotunga mitihani na kusahihisha insha, tuache kununua maneno magumu kwa alama. Mwanafunzi akiandika "watu wengi walifurika" amesema jambo. Akiandika thurea ya waombolezaji, tumuulize alimaanisha nini.

Mimi na mjukuu wangu sasa tuna mazoea yetu. Kila Jumapili tunatoa maneno manne katika gazeti, na Jumapili inayofuata namuuliza nikiwa nimelikunja gazeti. Baadhi anayakosa, anafoka, tunafunua, tunacheka. Juzi kandambili zake zilikatika ukanda. Akaja akanisimamia mbele, mkono kiunoni, akasema, "Babu, hizi zinahitaji ukarabati."

Msomaji makini atasema kwamba tunakarabati majengo na barabara, na kwamba kandambili hushonwa tu. Ni kweli, na siku moja atalijua hilo kwa kulisikia linavyotumika. Kwa sasa sikumsahihisha. Nilitafuta sindano na uzi, tukaketi barazani kuzikarabati.

Tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa.